Bibi Hataki Sindano, Nami Nasomea Kuuguza Watoto

Mpendwa mshauri Bi Husna, shikamoo, nakuomba unitegee sikio kwa maana nimebanwa, na nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni msichana wa Kinondo, nasomea uuguzi, na mwaka huu wa tisini na nane nimewekwa wodi ya watoto, na mwalimu wetu Sista Nereah, mtu wa bara, ameshaniambia, "Wewe watoto wanakutulia, wacha kufikiria wodi ingine," nami moyo wangu uko huko huko, lakini mwezi uliopita aliletwa mtoto wa jirani yetu ana degedege, ambayo sisi huiita nyuni, alikuwa amekaa nyumbani siku nyingi akifukizwa, nikaamriwa nimdunge sindano, nikamdunga, na kabla sijatupa pamba akakata roho. Tangu hapo wanasema mkono wangu unaua, maana kwetu inaaminiwa kwamba mtoto wa nyuni akiguswa na sindano haponi, na kina mama wakiniona njiani huwafunika watoto wao kanga.

Sasa nyuni imemshika Swabir, mtoto wa kaka yangu, wa miaka miwili, anayelelewa na bibi yetu wakati wazazi wake wako kazini hotelini Diani. Amekwisha kukakamaa mara mbili, bibi amfukiza na kumfunga hirizi, na nilipotaka kumbeba nimpeleke hospitali alisimama mlangoni akasema, "Ukimtoa humu kwenda kuchomwa sindano, mimi si bibi yako tena." Nikarudi nyuma, Bi Husna, kwa sababu nami naogopa, je, akinifia kama yule? Nakuandikia amelala na mwili wamchoma. Naona heri niombe wodi ya wazee nisiguse mtoto tena. Nifanyeje?

Mwoga wa Kinondo

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa mkononi. Hilo litakuuma, wala usimwamini atakayekuambia utalizoea. Lakini mtoto anaungua kwa homa, wewe unatafuta stempu. Barua imekawia njiani, naisoma hewani asubuhi hii, na namwomba Mungu uwe hukuningoja.

Yule wa jirani hakuuawa na sindano. Aliletwa roho iko kooni, sindano ikasingiziwa. Darasani ulilijua hilo, ukalisahau mlangoni kwa bibi. Na wodi ya wazee sikupeleki, kwani nao hufa.

Swabir akikakamaa mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mpunguze nguo, kisha hospitali. Mpelekee babake habari hotelini aje leo, na akichelewa usimngoje. Moshi wa bibi usiucheke, na hirizi mwache nayo, haimzuii daktari. Mkifika wodini wewe si muuguzi, u shangazi, adunge mwingine. Akipona watasema ni ule moshi. Waitikie, urudi darasani, ubaki kwa watoto.

Nawe bibi wa Kinondo, najua redio iko hapo jikoni. Shikamoo. Hao wajukuu wote umewalea wewe, na mtoto hatulii hospitali bila wa kumpakata. Mfunge mgongoni kwa kanga yako, umshike mwenyewe akidungwa, na dua usiache. Mponyaji ni Mola, na dawa pia ni yake. Zimeni redio, mtoke.