Mistari Minne ya Dada Mercy

Jumapili usiku

Hajui kwamba ni mimi. Kule mtandaoni natumia jina la bandia.

Dada Mercy wa kanisani kwetu anatunza wazee mtaa wa Hodge Hill, huku ughaibuni, na akitoka zamu anajifunza kuandika programu. Wiki jana alituma marekebisho kwenye programu yangu ya bure, ile ambayo wengine huipachika ndani ya zao ili zivute data kutoka seva za mbali. Seva ikiiambia isubiri, yangu huendelea kugonga tu hadi ifungiwe. Nimehangaika na hitilafu hiyo miezi minane. Yeye kaimaliza kwa mistari minne.

Niliyakataa marekebisho yake mbele ya kila mtu huko mtandaoni: “Rudi shule kwanza.”

Leo baada ya ibada akanishika mkono. “Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Kuna mtu amenitukana huko. Hebu niangalizie, nilikosea wapi?”

Nikaitazama simu yake kwa muda, kama daktari.

“Kila mahali, dada yangu.”

Machozi yakamlengalenga. “Basi wacha niache tu.” Sikumzuia. Akanishukuru, akanifungia chapati.

Nimezila zote nikiingiza mistari yake kama yangu. Inafanya kazi.

Ila alichotuma bado kiko pale hadharani, na tarehe yake ni kabla ya yangu. Hilo tu ndilo linalonikosesha usingizi.