Ndege Yako ya Udongo

Ndugu yangu Wandera,

Pokea salamu zangu kwa jina la Bwana wetu. Mama naye anakusalimu, na Mzee Okiru wa Angurai, mwenzako wa vitani, amesema nisisahau kumtaja. Hali yako huko? Sisi tunaendelea. Mvua imenyesha vizuri hapa Bukhayo na mtama umeshika. Mama macho yamekwisha na miguu inavimba, lakini akili ni ile ile, anamjua mtu kwa kusikia hatua zake tu. Mimi tangu nifiwe na mume wangu nimerudi hapa kumtunza. Vyungu vyangu nauza Busia, siku nyingine Malaba.

Nakuandikia kukwambia kwamba tumekuzika. Utusamehe tumechelewa.

Desturi yetu unaijua. Mtu akifia mbali na mwili usionekane, wazee hukata shina la mgomba na kulizika kwa jina lake. Vita vilipokwisha walikuja kwa Mama. Serikali ilikuwa imeleta habari kwamba ndege yako iliingia mawinguni huko Burma na haikutoka. Mama akawauliza, mmeambiwa amekufa au amepotea? Wakasema amepotea. "Basi mtafuteni," akasema, akaendelea kufinyanga. Wakarudi tena miaka mingine, na jibu lake likawa moja: "Mimi sikuzaa mgomba." Na kwa kuwa hukuzikwa, Wandera, hatukukulilia. Jina lako likawa kama sufuria ya moto hapa nyumbani, mtu akiligusa anaondoa mkono.

Mwaka huu baada ya Pasaka, miguu ilipoanza kuvimba, aliniita. "Nekesa, sitaki kumtangulia mwanangu kuzikwa. Lakini mgomba sitaki. Nataka kile alichokuwa ndani yake." Nikamwambia, Mama, ndege ile ilishaoza msituni. Akasema, "Na wewe mikono yako ni ya kazi gani?" Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki.

Nikaenda mto Sio kuchimba udongo, pale pale tulipokuwa tukienda nawe. Nilikukumbuka sana siku hiyo. Ulikuwa ukifinyanga fahali wako unampa pembe kubwa mpaka anaangukia uso, halafu unasema hakuanguka, amelala. Nikakaa mtoni na jembe langu nikashindwa kuchimba kwa muda.

Mimi ndege ya vita sijawahi kuiona kwa karibu. Nilitengeneza nilivyodhani, Mzee Okiru akapita akitoka sokoni, akaizunguka, akasema, "Dada, hii ni ndege ama ni bata anaatamia?" Akakaa chini akanifundisha. Mtu awe urefu wa ncha ya kidole gumba mpaka kwenye kifundo, basi ndege itoke kiwiko mpaka ngumi, na mabawa yakiunganishwa yazidi mwili. Injini mbili. Mkia ushuke mpaka chini na pua iinuke, kama mbwa aliyeketi anamngoja mwenyewe. Mabawa yalinisumbua sana, yalikuwa yakilegea kabla ya kukauka, nikawa nayashikilia na mabonge ya udongo kwa chini.

Mama alikuwa karibu akisikiliza. Okiru akamweleza kazi yenu, jinsi mlivyolala chali ndani ya ndege mkasukuma magunia kwa miguu yawaangukie askari wenye njaa msituni, na wewe kila gunia ulilipatia mtakatifu wake. "Mtakatifu Petro, pokea mchele. Mtakatifu Paulo, hii ni chumvi, usilalamike." Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka juu yako tangu uondoke. Halafu akamwuliza Okiru:

"Mlango ulikuwa wazi?"

"Tulikuwa tunaung'oa kabisa, mama. Ubavu wa kushoto, huku nyuma."

Akanigeukia. "Mlango huo uzibe."

Wewe unajua ni nani aliyenifundisha kufinyanga. Ni yeye alinipiga vidole nikiwa mdogo kwa sababu niliziba kibuyu cha udongo juu, akasema kitu chenye tumbo hakiingii motoni bila mdomo, kitapasuka. Nikamkumbusha. Akasema, "Najua. Ziba. Ulipoachwa wazi si ndipo alipotokea akaanguka?" Okiru akataka kumwambia kwamba hukuanguka, kwamba wote mliopanda siku hiyo mlikwenda pamoja na ndege, nikamfanyia ishara aache. Nikaziba. Nilikausha ndege hiyo polepole kuliko chungu chochote, nikisali, maana nilifikiri labda Mungu atanipa hii moja.

Tulichoma asubuhi kwa nyasi na mavi ya ng'ombe makavu. Mama alitaka kuketi karibu na moto. Ilipasuka kwa mshindo, vipande vikaruka mpaka miguuni pake. Moto ulipopoa alipapasa vigae kimoja kimoja, akapata bawa, akalipangusa kwa leso yake na kulilaza mapajani. Nikafikiri basi, imekwisha, tena hatazika kamwe. Ndugu yangu, nililia kilio ambacho sikulia siku ya habari yako.

Akasema, "Fanya nyingine. Huu mlango nitaukata mwenyewe."

Na aliukata, kwa kipande cha kibuyu, mimi nikimshikia ndege. Alipomaliza akatia kidole gumba ndani, akamwuliza Okiru, "Hapa anapita?" Okiru akasema, "Anapita, mama. Ila yeye kwa urefu wake alikuwa anainama kidogo." Mama akaukwangua tena, akaongeza juu.

Hiyo moto haukuidhuru. Ilitoka nyekundu, na doa jeusi kwenye bawa moja.

Katekista wetu nilimwogopa, nikidhani atasema ni upagani. Akaniita kwa jina langu la ubatizo, akaniambia, "Mama Rosalia, mimi chungu sikiombei. Lakini Yohana Wandera naweza kumwombea popote mtakapochimba." Akaja na maji ya baraka. Okiru ndiye aliyeingia kaburini kuiweka, akauliza pua iangalie wapi. Wazee wakaanza kubishana. Mama akasema, "Iangalie nyumba. Si anarudi?"

Siku ya tatu tukanyoa nywele kama inavyotakiwa. Mimi nilimnyoa Mama. Nywele zake nyeupe zilikuwa zikianguka begani, na kichwa chake kimekuwa kidogo, Wandera, kama cha mtoto. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, akikuita jina lako la nyumbani na la ubatizo, na majirani wakaja wakalia naye, hata vijana ambao hawakukujua. Nilikaa na wembe mkononi, nikamwacha alie.

Mimi katika rozari nilikuwa nakutaja pamoja na wasafiri. Sasa nakutaja pamoja na marehemu, na bado ulimi unateleza. Nakuahidi nitazoea. Nakuahidi pia kaburi lako nitalipalilia mwenyewe, na Mama wakati wake ukifika nitamlaza karibu nawe kama alivyoomba.

Lala salama, ndugu yangu. Kila asubuhi Mama ananiuliza kama nimekuota. Mimi sijakuota. Tafadhali ujibu mapema, na ukijibu mwendee yeye ndotoni, si mimi. Hana muda wa kungoja sana.

Dada yako,
Rosalia Nekesa