Shavu la Kushoto

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu. Mimi mzima, ila mikono. Mgongo wako je? Kama bado unauma, acha kubeba ndoo, wewe si msichana tena.

Kitindamimba wako yuko kwangu tangu juzi. Jino moja hana, sikio limevimba kama ngumi. Anasema ulimwambia arudi kwa mumewe, eti mbona mama yake mkubwa alivumilia miaka thelathini. Basi ngoja nikwambie nilichopimwa.

Nilishika pasi ya moto kazini, nikanusa nyama inaungua kabla sijasikia maumivu. Wakanipeleka hospitali. Binti mpimaji ana kijiti kinachotetemeka kama nzi aliyefungiwa kwenye kiberiti. Anakigusisha kidoleni, nikihisi mtetemo nibonyeze kitufe. Masikioni kanibandika vidude vinavyovuma, nisije nikasikia mlio. Mimi nishindwe na mtoto wa juzi? Nikawa nahesabu moja, mbili, tatu, nabonyeza. Akaniambia bibi, mara tano hizi mashine nimeizima. Nikamjibu kwamba mikono hii ilifua mashuka ya watu kabla mama yake hajazaliwa. Akacheka, akaanza upya.

Mkono wa kulia umekufa nusu, ni kazi hiyo. Akahamia usoni. Shavu la kulia, nahisi. La kushoto, kimya. Akaongeza nguvu mpaka meno yakagongana, ngozi kimya vilevile. Akauliza mfupa wa shavu hili ulivunjwa na nini.

Nyote niliwaambia nilianguka bafuni. Sikuanguka. Marehemu shemeji yako, yule uliyemlilia mpaka ukazimia, alinipiga kwa kitako cha pasi kwa sababu ya kola iliyoungua, kisha akanikanyaga kichwa sakafuni. Kesho yake ukaja, nikakupa chai na uongo. Sikuvumilia, mdogo wangu. Niliona aibu. Nawe ukaichukua aibu yangu ukaifanya somo la mwanao.

Jana mchana mkweo alikuja, akavunja komeo, akamburuta mwanao kwa nywele mpaka uani. Nilimpiga kigoda cha mgongo. Alipogeuka, nikampa kingine cha mdomo. Akaondoka akitema damu na matusi, anasema wewe umemwahidi kumrudishia mke.

Haya, chagua. Ukija na nguo za mwanao, karibu, kitanda changu kipana. Ukija kumrudisha, ujue mlango una komeo jipya, na nyuma yake niko mimi.

Wasalimu wajukuu, na huo mgongo ukande kwa maji ya moto.

Ni mimi dada yako,
niliyekudanganya