Bomba la Babu Biryogo

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimeketi nje ya nyumba aliyoijenga Babu hapa Biryogo, Kigali, chai ya tangawizi mkononi. Babu alimuuzia muuza vitambaa, naye akamuuzia dereva wa malori, na sasa ni ya fundi cherehani anayeitwa Mama Hadija. Bati ni jipya na madirisha ni mapya. Lakini lile bomba aliloliweka Babu nje ya ukuta, ili waendao msikitini watawadhe, bado linatoa maji. Nilimuuliza Mama Hadija kwa nini halifungi, maana bili analipa yeye.

"Nyumba iko yangu, kaka," akasema. "Bomba iko ya watu. Dereva alikataa kuniuzia mpaka nikubali kuiacha wazi. Na yeye, aliyemuuzia alimwambia vile vile."

Adhana ya alasiri ilipolia nikatawadha hapo, nikamwombea Babu, nikakuombea na wewe magoti yapone. Asante kwa kunituma nije kuiona nyumba. Miaka yote uliyosema hatukuacha kitu Kigali, maji yalikuwa yanatoka.

Mwanao,
Salumu