Bata wa Baba Mkwe Wananikimbia

Mpendwa Mama Tabea,

Nakuomba unisaidie kabla sijapoteza hata hizi akili kidogo zilizobaki, na tafadhali usicheke, maana kila niliyemweleza jambo hili amecheka, na Bwana Mifugo hapa Njombe alicheka mpaka akavua miwani, akasema kazi yake yeye ni ng'ombe, niende zangu nikawapike. Jambo lenyewe ni bata, Mama, bata sita wa baba mkwe wangu, Mzee Elieza, ambao aliniachia mimi alipoondoka, na sasa wananikimbia kana kwamba mimi ni kicheche.

Naitwa Emilia, nimetokea Lupembe, huu ni mwaka wangu wa tatu tangu niolewe huku, na mume wangu Nahumu anafanya kazi kwenye mashamba ya miti ya miwati, anatoka alfajiri anarudi jioni, kwa hiyo mchana kutwa nyumbani tulikuwa watu wawili tu, mimi jikoni na Baba kwenye nyumba yake ng'ambo ya ua, kwa sababu mama mkwe alifariki kabla sijaja, na wifi yangu Getruda ameolewa Wanging'ombe, na watoto bado hatujajaliwa. Sasa wewe unajua mila zetu, wengine siku hizi wameziacha lakini mimi mama yangu alinifunda, kwamba mkwe mwanamume hasemeshwi wala hatazamwi usoni, ukipita karibu na nyumba yake unajifunika khanga kichwani, unainama, unapita kimya, na ukiwa na neno unamtuma mtoto au wifi alipeleke, na Baba naye ni mtu wa zamani ingawa ni mzee wa kanisa, hakuwahi kunisemesha hata siku moja, na mimi sikumsemesha.

Waliosemeshwa ni bata. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwake, uso ameuelekeza jikoni, akaita kwa sauti, "Kamwene!" kama anavyosalimia watu, na bata wakatoka kwenye kibanda chao nyuma ya nyumba, wakazunguka mbio kumfuata mbele, wakala mkononi mwake, na mmoja mwenye doa jeusi shingoni akalala juu ya miguu yake kabisa. Basi hapo mazungumzo ni mpaka jioni. Nikipika maharage yakapendeza, namsikia anawaambia bata kwamba leo tumekula, jikoni kuna mkono. Ukungu wa Juni ukishuka, nami natoka na ndoo, anawaambia wasikimbilie mtoni, maji ni ya baridi, wangoje jua. Mimi nilidhani ni uzee umeanza, nikamweleza Nahumu, naye akasema baba yake hajazeeka hata kidogo, akalala.

Mwaka jana mimba ilinitoka, nikalazwa hospitali ya misheni, na niliporudi nyumbani watu walikuja kunipa pole mpaka wa kijiji cha pili, lakini Baba hakunitumia hata salamu. Alikaa kwenye kigoda chake uani akazungumza na bata, kwa sauti kubwa mpaka nikasikia kila neno huku nimelala. Alisema, "Bata, msilie sana. Mayai mengine hayaanguliwi. Hakuna wa kuwafukuza, hapa ni kwenu." Mama, niliumia mno, nikaona bata wanapewa pole na mimi nimesahauliwa, na mpaka leo nikikumbuka sijui nikasirike au nifanye nini.

Juni hii baridi ilimshika miguu, shemeji yangu Mika, mwenye mgahawa Makambako pale yanaposimama malori, akaja kumchukua akae naye mpaka apate nafuu. Siku ya kuondoka Baba alisimama katikati ya ua, hakuniangalia, akawaambia bata, "Nawaachia mwenye nyumba. Kaeni naye." Kisha Nahumu akaniletea habari kwamba bata hao nimepewa mimi. Mimi, ambaye sijawahi kumshika bata maishani.

Basi taabu ikaanza. Chakula nawapelekea kwa adabu ile ile niliyofundwa, maana kibanda chao kimeegemea nyumba ya mkwe, na nyumba ya mkwe ni nyumba ya mkwe hata kama mwenyewe yuko Makambako, kwa hiyo najifunika, nainama, nazunguka kwa nyuma kimya kimya, natupa pumba na kuondoka upesi, na wao wanaruka kama nimewamwagia maji ya moto, wanateremka bondeni moja kwa moja mpaka kwenye vinyungu vya jirani yangu Jeni, zile bustani za ardhi ya maji, wanamkanyagia kabichi. Nikawafukuza kwa fimbo warudi, wakazidi kwenda. Nikamkamata yule mwenye doa kwa mguu ili azoee mkono wangu, na tangu hapo akiona khanga yangu tu anapiga kelele na wenzake wote wanatimka. Mmoja hakurudi kutoka bondeni, tukaokota manyoya. Sasa wamebaki watano.

Getruda alipokuja akaniambia nivae koti kuukuu la Baba ili wanione kama yeye. Mimi nivae nguo ya mkwe! Nilikataa, lakini nikalitundika kwenye mti uani kwa kutumia fimbo, nisiliguse, nikarudi jikoni. Mama Tabea, bata walikuja wote, wakakaa chini ya lile koti mchana mzima, wamefumba macho. Nilikaa mlangoni nikalia, kwamba hata koti linapendwa kuliko mimi.

Sasa habari imefika kutoka kwa Mika kwamba Baba anakuja Krismasi, na Getruda ameniambia waziwazi neno alilolisikia kwa mzee mwenyewe, kwamba akikuta bata wametulia hapa nyumbani, naye atatulia, lakini akikuta wametawanyika atajua pa kurudi hakuna tena, na atabaki Makambako mpaka siku zake ziishe, kule kwenye kelele za malori. Nahumu anasema nisihangaike, atanunua bata wengine wanaofanana, Baba macho yake hayaoni vizuri. Jeni anasema bata humjua mwanamke asiyetakiwa na mji, ndiyo maana wanakimbia. Na mimi sijui lipi ni lipi. Tangu Baba aondoke ua umekuwa kimya, na kimya hicho kinanitesa, na sielewi kwa nini nimkumbuke mtu ambaye hakuwahi kunisemesha. Niwafunge kamba miguuni? Nikubali wale bata wa Nahumu? Au ni kweli mji huu haunitaki? Niambie, Mama, maana mimi nimezunguka mpaka nimerudi nilipoanzia.

Ni mimi Emilia, Njombe.

JIBU

Emilia mwanangu,

Sikucheka. Haya, nilicheka kidogo pale kwenye koti na fimbo, lakini niliposoma mpaka mwisho nikaivuta barua nikaisoma tena, na safari ya pili sikucheka kabisa.

Tuanze na mume wako, kwa sababu huyo ndiye rahisi. Mwambie awaache bata wa watu sokoni. Mzee anayemjua bata kwa doa la shingoni hadanganywi kwa bata wa kununua, hata awe kipofu. Na Jeni mwombe radhi kwa kabichi zake, umsaidie kupanda nyingine, lakini maneno yake yaache huko huko bondeni. Bata hajui nani anatakiwa na mji na nani hatakiwi. Bata anajua mambo mawili tu, kula na kuogopa kuliwa.

Na wewe, kwa adabu yako yote, umekuwa ukienda kwao kama anayekuja kuwala. Jitazame. Mtu amejifunika kichwa, ameinama, anazunguka nyuma ya nyumba bila sauti, anatokea ghafla, anatupa kitu na kukimbia. Kicheche naye anakuja hivyo hivyo. Mimi nimefuga bata tangu kabla wewe hujazaliwa, na nakwambia, bata hamwogopi mtu anayepiga kelele, anamwogopa mtu anayenyata. Halafu unamshika mguu! Mguu wa bata ni mwembamba, unavunjika upesi, na anayeshikwa mguu hudhani mwisho wake umefika. Nakuonea huruma, lakini kwa lile la mguu nakugombeza, usirudie.

Koti umeliona lenyewe. Unadhani linapendwa kwa harufu ya mzee? Labda kidogo. Lakini koti halinyati, halimfukuzi mtu, halimkamati mtu. Limetulia mahali pamoja na wao ndio wakalifuata. Basi fanya kama koti.

Acha kupeleka chakula nyuma. Hamishia ulishaji katikati ya ua, mbali na ukuta wa mkwe, hapo huna sababu ya kujifunika wala kuinama, adabu yako inabaki salama na bata wanakuona uso. Weka beseni la maji, pana, wazamishe kichwa chote, maana bata asiyenawa pua hali kwa raha. Loweka pumba kidogo. Kisha kaa chini. Kaa kabisa, juu ya kigoda au mkeka, usisimame juu yao, na uchukue kazi ya mikono, uchambue njegere zako, uongee. Ongea nini? Chochote. Waambie bei ya sukari. Imba nyimbo za kwaya. Wakisimama mbali, waache mbali, usiwaite kwa kuwanyooshea mkono. Njegere moja moja zianguke karibu na mguu wako, kama kwa bahati mbaya, na usiwatazame wakizifuata. Yule mwenye doa ndiye wa kumngoja, ndiye uliyemkosea na ndiye anayewaongoza wengine. Siku atakayokuja kula karibu na kidole chako, usimguse, hata mkono ukikuwasha. Atakuja kesho yake tena. Na jioni usiwaswage kwa fimbo mbio mbio, tembea polepole nyuma yao ukiongea kwa sauti ile ile, watakwenda wenyewe kibandani. Khanga uliyovaa siku ya mguu, iweke sandukuni kwa sasa, vaa nyingine. Tangu leo mpaka Krismasi zipo siku za kutosha, kama hutakuwa na haraka.

Hayo ndiyo ya bata. Sasa nisikilize vizuri, maana hukuniandikia kwa sababu ya bata, hata kama mwenyewe hujui.

Umeniambia bata walilala nyuma ya nyumba. Umeniambia pia kwamba kila asubuhi mzee alisimama mlangoni mbele, uso ameuelekeza jikoni, akatoa salamu. Mwanangu, mtu anayewasalimia bata walio nyuma anageukia nyuma. Jikoni kulikuwa na nani?

Nani alipika maharage? Nani aliyekuwa anateremka mtoni kuchota maji katika ukungu wa Juni, akaambiwa angoje jua? Bata hapendi jua hivyo, wala hajali maji ya baridi, anayaoga mwaka mzima. Na siku ile umerudi kutoka hospitali, umelala, moyo umevunjika, nyumba hiyo haina mtoto wa kutumwa na salamu, wifi yuko Wanging'ombe, mila imemfunga mdomo asikusemeshe. Mzee huyo angefanya nini? Alichukua kigoda chake akakaa uani, akapaza sauti mpaka ukasikia kila neno. Alikwambia usilie sana. Alikwambia hakuna atakayekufukuza. Alikwambia hapa ni kwenu. Umekaa mwaka mzima ukimkasirikia mtu aliyekupa pole nzuri kuliko zote ulizopewa, na ukauliza kama mji unakutaka, wakati mwenye mji alikujibu zamani.

Sikulaumu sana. Ulifundwa kunyamaza, hukufundwa kusikiliza, na waliokufunda walidhani mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Ukimya unaokutesa uani ni huo. Mlikuwa mnaongea watu wawili, ila mmoja tu ndiye alikuwa anatoa sauti, na mzee amengoja miaka yote hiyo bata wake wajibiwe. Ndiyo maana akakuachia hao na si kitu kingine. Mtu anayetaka kurudi nyumbani kusikia neno, akikuta njia ya neno hilo imetawanyika bondeni, atarudi kweli Makambako, na mimi nisingemlaumu.

Kwa hiyo sikuambii uvunje mila. Usimsogelee, usimtazame usoni, jifunike kama ulivyofundwa. Kuhusu yule aliyeliwa, usifiche, mwambie Nahumu aseme ukweli kabla mzee hajafika. Na siku ya Krismasi, gari likisimama na mzee akikokota miguu yake kuingia uani, wewe usikimbilie ndani kujificha. Kaa kwenye kigoda chako mlangoni mwa jiko, bata wakikuzunguka, uso wako uwe kwao. Pandisha sauti mpaka ng'ambo ya ua.

Sema, "Kamwene, bata. Maji ya moto ya miguu yapo tayari, na maharage yapo motoni. Tuliwangoja sana."

Halafu nyamaza, na safari hii usikilize.