Neno Ulilomwandalia Mgeni

Mpendwa Mama Koku,

Mgeni wako amefika. Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu Kagondo, kwenye kigoda ulichokalia ukimenya ndizi jioni zile tulipojifunza Kihispania. Binti yetu Koku alikuwa ameolewa Hispania, na mama mkwe wake hajui lugha nyingine. Ukaapa kwamba siku akija, utamkaribisha kwa kinywa chako mwenyewe.

Nilikufundisha kama nilivyofundisha shuleni Muleba, bila haraka: kitenzi kikate mkia, kisha kiunge mkia wa jambo lililokwisha. Hablar, kuongea: hablé, niliongea, hablaste, uliongea, habló, aliongea. Nilipoanza kueleza vitenzi vya -er na vya -ir, ukanikatiza.

"Basi, Mwalimu. Comí, nilikula, viví, niliishi. Comió, vivió. Hao ni wake wenza waliopatana, wanapika chungu kimoja. Haya, sogeza sufuria."

Nilicheka hadi kisu kikaniponyoka.

Kati ya yote ukachagua neno la kumpokelea: "Te esperé." Nilikusubiri. Ulikuwa ukiiambia hata migomba. Ukatenga na kikapu cha kahawa ya kutafuna, maana kwetu Wahaya mgeni hakaribishwi mikono mitupu. "Asikifungue mtu kabla yake," ulisema. "Hasa wewe, Baba Koku."

Kisha maradhi yakamtangulia mgeni. Tangu tulipokuzika, hofu yangu ilikuwa moja: kwamba kiapo chako kimezikwa nawe.

Juzi alikuja na Koku, akaomba aanze kwako. Nikampeleka kibanjani, kwenye migomba ulikozikwa. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima, unanijua. Mbele ya kaburi ikanitoka kichwani yote. Nikafungua kikapu, nikamnyooshea, nikasema neno lako, nimelibadilisha mkia tu: "Te esperó." Alikusubiri.

Akachukua tunda moja, akalipasua kwa meno kama Koku alivyomfundisha. Mbegu mbili. Moja akaitafuna, ya pili akaiweka juu ya udongo wako, kama sisi tugawanavyo mbegu mbili za tunda moja na rafiki wa kufa na kuzikana.

"Yo también esperé," akakuambia. Nami nilisubiri.

Sasa amelala kwenye kitanda ulichomtandikia zamani. Kesho ameomba tumenye ndizi pamoja. Nimemwonya kwamba visu vyetu ni vikali na mwalimu hanyamazi.

Pumzika, Mama Koku. Umemkaribisha.

Mumeo,
Baba Koku