Ukungu Upande wa Zambarau

Jumatatu, 6 Oktoba

Boksi tena, baada ya shule. La viatu. Nyembe mbili zimeacha mwanya mwembamba wa kupitisha mwanga, ndani kipande cha DVD kinachoutawanya mwanga uwe rangi za upinde wa mvua. Nalielekeza kwenye ukuta wa jirani unaopigwa na jua. Jua lenyewe sithubutu. Jirani mwenyewe, Kibwana, anaapa aliupaka rangi nyeupe. Mimi naona krimu, ila fundi alishalipwa, nimenyamaza.

Rangi zinajipanga vizuri. Mistari myeusi, ile inayosema jua limeumbwa na nini, hakuna. Ukungu tu, kuanzia kijani mpaka zambarau. Mwanga wa nje unapenya mahali.

Nimewachorea wanafunzi mistari hiyo ubaoni tangu nina nywele. Nataka niione mwenyewe kabla sijastaafu. Ni hilo tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata akili: nta. Nyumba ya Mnyamwezi, mfuga nyuki, haikosi nta. Nimeiyeyusha, nikachanganya na masizi, nikaziba kila kiungo. Mke wangu, Mama Neema, anauliza sufuria yake ndogo iko wapi. Sijui lolote.

Jumatano, 8 Oktoba

Aibu. Niliacha boksi juani nikaenda kula. Nta imetiririka mpaka kwenye nyembe. Nyuki wakaja. Kibwana, Mzaramo, mtani wangu, alikuwa anatazama.

“Mnyamwezi hata jua anataka kulitundikia mzinga! Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka kwetu pwani, wewe boksi la viatu limekushinda?”

Nikamwambia ukuta wake nitaupaka masizi. Kicheko kilinifuata mpaka ndani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Boksi jipya. Ndani masizi. Viungo nimevifunika kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Niliwasha tochi humo, nikaziba mwanya na tundu la jicho, nikajifungia stoo. Hakuna hata nukta iliyotoka. Basi hakuna inayoingia.

Nikatoka nje, nikachungulia. Ukungu uleule.

Nimechukia. Nimemkaripia kuku.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Neema alichungulia.

“Mbona mistari imejaa? Kama meno ya kitana.”

Kibwana naye akaiona. Hakutania. Hapo ndipo nilipoogopa.

“Baba Neema,” mke wangu akasema, “unachunguliaga na jicho gani?”

La kulia. Siku zote la kulia.

“Hebu la kushoto.”

Ipo. Myeusi, myembamba, imetulia, mpaka ndani ya zambarau. Nimeitazama hadi shingo ikauma. Kisha nikarudisha la kulia. Ukungu.

Wiki nzima naziba boksi. Kumbe kinachovuja natembea nacho usoni.

Jumapili, 12 Oktoba

Kesho hospitali ya Kitete, kliniki ya macho. Naogopa. Kibwana atanisindikiza, anadai Mnyamwezi akiachwa atembee peke yake atapitiliza mpaka Bagamoyo. Habari ya sufuria haijaulizwa tena.

Jioni nimekaa uani, nimefumba la kulia, nikautazama ukuta wa Kibwana.

Ni mweupe.